Reli ya Kukatia Plaiwudi: Jitengenezee

Ukipangiwa BTP Kisiba, au kokote Rungwe, utataka mbao za kutundikia chati. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ni pesa, bado nauli ya kuitoa Tukuyu. Ikikatwa kombo, imekula kwako. Kiukweli msumeno wa duara haunyooki kwa kukodolewa macho; unataka reli. Za dukani ni za alumini, hii ni ya mabaki.

Chukua plaiwudi ya milimita 6, upana kama sentimita 30, ndefu kuzidi mkato wako. Juu yake, kwa urefu, gundisha kipande cha mbao kilichonyooka kabisa, kimo kifupi ili mota isigonge. Upande mmoja acha nafasi inayozidi umbali wa toka ukingo wa kitako cha msumeno hadi kwenye meno. Sasa pitisha msumeno, kitako kikigusa kile kipande. Ziada inakatika, na ukingo unaobaki ndipo hasa meno yanapopita. Kuanzia hapo unaweka ukingo huo kwenye alama ya penseli, unabana kwa klampu, unakata. Ukiazima msumeno mwingine, tengeneza reli nyingine.

Upande mzuri wa plaiwudi ulale chini, maana meno hukata yakipanda. Tegemeza pande zote mbili za mkato. Plaiwudi ikipinda katikati inabana meno, na msumeno unaruka kurudi kwako. Usisimame nyuma yake moja kwa moja.

Ukigawa milimita 2440 vipande vinne, mikato ni mitatu, kila mmoja unakula karibu milimita 3. Kwa hiyo kila kipande pima 607, siyo 610.