SOMO LA 14: KUUNDA PAA LENYE MITEREMKO MINGI KWA PROGRAMU YA USANIFU

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza jinsi miteremko miwili ya paa inavyokutana;
(b) kuingiza mteremko wa kila upande katika programu ya kompyuta;
(c) kukagua kwa hesabu jibu ambalo kompyuta imetoa.

Utangulizi

Watahiniwa wengi huamini kwamba paa likishaonekana zuri kwenye kioo cha kompyuta, kazi imekwisha. Sivyo. Kompyuta hukata na kuunganisha miteremko kama ulivyoiagiza, hata kama umeiagiza vibaya. Fundi naye atakata mbao kwa kufuata vipimo vyako. Kosa la mchoro huonekana masika, maji yanapoingia sebuleni.

Maneno ya kukumbuka

*Mgongo wa paa*: mstari wa juu kabisa, mahali miteremko miwili inapokutana na kofia ya bati hufunika.
*Upenu*: sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta.
*Bonde la paa*: mstari wa ndani ambapo miteremko miwili inakutana na kumiminia maji yake pamoja.
*Ukuta wa pembetatu*: ukuta wa mwisho wa nyumba unaopanda hadi kwenye mgongo wa paa.

Mfano wetu

Mazinde, wilayani Korogwe, iko chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu ya kutoka Korogwe kwenda Same. Tuchukue kwamba familia moja ya hapo inataka nyumba ya bati. Sehemu kuu ina upana wa mita 8. Katikati ya ukuta wa mbele inatokeza sebule yenye upana wa mita 6. Kuta zote zina kimo kimoja, na kila mwisho wa paa una ukuta wa pembetatu.

Hatua za kuunda paa

1. Chora kuta zote kwanza, kisha fungua amri ya paa.
2. Zungusha mstari wa paa kwa kufuata kuta, na uingize kipimo cha upenu.
3. Kwa kila upande, amua kama una mteremko au hauna. Upande wa ukuta wa pembetatu hauna mteremko.
4. Ingiza pembe ya mteremko ya kila upande.
5. Kata sura ya ndani ya jengo uone urefu wa migongo.

Programu kama Revit na ArchiCAD zitakata mabonde zenyewe. Katika SketchUp unaweza kuchora nyuso za paa mwenyewe, kisha uziagize zikatane. Njia ni tofauti, lakini jiometria ni ileile.

Hali ya kwanza: miteremko iliyo sawa

Tuseme pande zote zina nyuzi 30. Tanjenti ya nyuzi 30 ni 0.577.

Kimo cha mgongo = nusu ya upana × tanjenti ya pembe

Sehemu kuu: 4 × 0.577 = mita 2.31
Sebule: 3 × 0.577 = mita 1.73

Mgongo wa sebule uko chini kwa mita 0.58, kwa hiyo utaishia ubavuni mwa paa kuu. Ukitazama mchoro kutoka juu, kila bonde linagawa kona katika sehemu mbili sawa za nyuzi 45. Hii ni kanuni: *miteremko ikiwa sawa, bonde hugawa kona nusu kwa nusu.*

Urefu halisi wa bonde, kuanzia kona ya kuta, unapatikana kwa kanuni ya Pythagoras:

√(3² + 3² + 1.73²) = √21 = mita 4.58

Ukiongeza upenu wa mita 0.6 kila upande, bonde lote linafikia mita 5.50. Hiki ndicho kipimo ambacho fundi anakihitaji kwa mbao na bati la bonde.

Sasa tafuta mteremko wa bonde lenyewe: 1.73 ÷ 4.24 = 0.408, yaani nyuzi 22 hivi. Paa lina nyuzi 30, lakini bonde lina 22 tu, nalo linabeba maji ya pande mbili. Ndiyo maana paa huanza kuvuja bondeni. Ukipunguza mteremko wa paa ili kuokoa bati, kumbuka kwamba bonde litalala zaidi.

Hali ya pili: miteremko isiyo sawa

Mwenye nyumba anataka migongo yote miwili iwe na kimo kimoja. Sebule inahitaji kupanda mita 2.31 ndani ya mita 3:

2.31 ÷ 3 = 0.77, yaani nyuzi 37.6

Bonde sasa haligawi kona nusu kwa nusu. Linakwenda mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, hivyo kwenye mchoro wa juu lina mita 5. Urefu wake halisi ni √(25 + 5.33) = mita 5.51 bila upenu.

Hapa ndipo penye mtego. Ukiacha upenu wa mita 0.6 kila mahali:

Upenu wa sehemu kuu unashuka 0.6 × 0.577 = mita 0.35
Upenu wa sebule unashuka 0.6 × 0.77 = mita 0.46

Tofauti ni sentimita 12 hivi. Mbao za ukingo, ambazo mafundi huziita fishabodi, hazitakutana kwenye kona. Tiba ni mbili: punguza upenu wa sebule uwe mita 0.45, au inua ukuta wa sebule kwa sentimita 12. Ukiinua ukuta, mgongo nao unapanda, kwa hiyo hesabu irudiwe.

Makosa ya kuepuka

- Kuchora bonde kwa nyuzi 45 wakati miteremko si sawa.
- Kuupa mteremko upande wa ukuta wa pembetatu.
- Kupima bonde kwenye mchoro wa juu na kudhani huo ndio urefu wa ubao.

Maswali ya kujipima

1. Sehemu kuu ikiongezwa upana hadi mita 10, mteremko ukibaki nyuzi 30 pande zote, urefu wa bonde kutoka kona ya kuta utabadilika? Eleza.
2. Katika nyumba hiyo ya mita 10, sebule inatakiwa kuwa na mgongo wa kimo sawa na paa kuu. Tafuta mteremko wa sebule, na upenu wake ikiwa upenu wa sehemu kuu ni mita 0.6.

Majibu

1. Hautabadilika. Bonde linaishia kwenye mgongo wa sebule, na upana wa sebule haujaguswa. Linabaki mita 4.58.
2. Kimo: 5 × 0.577 = mita 2.89. Mteremko: 2.89 ÷ 3 = 0.96, yaani nyuzi 44 hivi. Upenu: 0.6 × 3 ÷ 5 = mita 0.36.

Ukikosa swali la pili, rudia hali ya pili kwa penseli na karatasi kabla ya kufungua kompyuta.