SOMO LA KILIMO: KIAZI AINA YA SHANGI



Wengi wetu tunaochuma chai au kushika zamu kiwandani tuna kishamba kidogo nyumbani cha kuongezea mshahara. Leo tujifunze juu ya Shangi, kiazi ulaya kinachopandwa sana Kenya. Wakulima walikieneza wenyewe, hasa Nyandarua, kabla hakijaandikishwa rasmi mwaka 2015.

SIFA ZAKE
1. Ganda lake ni jeupe la maziwa na macho yake yana wekundu hafifu.
2. Hukomaa upesi, kwa muda usiofika miezi mitatu.
3. Huzaa sana. Shamba likitunzwa vizuri hutoa tani 30 hadi 40 kwa hekta.
4. Huiva haraka, hivyo makaa hayaliki. Chafaa kuchemshwa, kupondwa na kukaangwa chipsi.

UDHAIFU WAKE
Kwanza, hushikwa na ukungu unaokausha majani wakati wa mvua na baridi. Kagua shamba mara kwa mara na upige dawa mapema.

Pili, hakikai ghalani. Baada ya kuvunwa huanza kuchipua kwa muda wa mwezi mmoja hivi, au hata kabla. Hapa ndipo mchuuzi anapotubana. Anajua hatuwezi kungoja, basi hutaja bei yake na kutaka gunia lililojazwa mpaka likaota kilemba, lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita lumbesa. Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Kilo zinazozidi ni jasho lako linalokwenda bure.

TUFANYEJE?
(a) Msipande wote siku moja. Pishaneni kwa majuma kadhaa ili mavuno yasifurike sokoni.
(b) Uzeni kwa pamoja, kwa mizani. Mtu mmoja hubembeleza, kikundi hupatana.
(c) Nunua mbegu safi. Usirudishe viazi viwili baada ya viazi, wala baada ya nyanya au biringani, kwani mnyauko hubaki udongoni. Badilisha na mahindi.
(d) Viazi vya kula viwekwe gizani. Vikipigwa na jua huwa vya kijani, navyo vina sumu.

MASWALI YA KUJADILI
Gunia lako la mwisho lilikuwa na kilo ngapi? Ulilipwa ngapi?