Ndege Itulie Kabla ya Futi 1,000

Masika yakileta mawingu ya chini pwani, rubani wa Cessna anayetoka Tanga kwenda Dar es Salaam anaweza kuiona barabara ya kutulia dakika ya mwisho tu. Kabla ya hapo anategemea ala. Kijana wa Nguvumali, Tanga, anayesomea urubani na azishike hatua hizi.

1. Maliza maandalizi mapema. Kabla ya kuanza kushuka, soma chati ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) hadi sehemu ya kupaa tena. Hakikisha redio imenasa mtambo sahihi, kisha weka kanieneo ya hewa uliyopewa na muongoza ndege. Kosa la hektopaskali 1 hupotosha kimo kwa karibu futi 30. Ukikosea 10, ni futi 300, ilhali kwa mfumo wa kutua kwa ala (ILS) wa kawaida unaweza kushuka hadi futi 200 juu ya barabara kabla ya kuamua.

2. Tengeneza ndege ukiwa bado juu. Flapu, kasi na nguvu ya injini viwe tayari kabla ya kuifuata njia ya mteremko. Jua nguvu gani huipa ndege yako noti 90 ikishuka, uiweke hiyo hiyo kila mara.

3. Kokotoa mteremko. Kwa mteremko wa digrii 3, zidisha kasi yako juu ya ardhi mara 5. Noti 90 hukupa futi 450 kwa dakika. Kaskazi ya noti 15 ikikupiga usoni unapoelekea barabara 05 ya Dar, kasi hiyo inabaki 75, nawe unahitaji futi 375 tu. Upepo ukikusukuma kwa nyuma, hesabu hupanda. Sindano ya ILS ikihama, sahihisha kidogo na usubiri; usiikimbize.

4. Jikague futi 1,000 juu ya uwanja. Shirika la Flight Safety Foundation linashauri kimo hicho ukiwa mawinguni, na futi 500 anga ikiwa safi. Jiulize: niko kwenye mstari? Kasi haijapungua wala kuzidi? Sishuki zaidi ya futi 1,000 kwa dakika? Orodha ya ukaguzi imekamilika?

5. Jibu moja likiwa hapana, paa tena. Weka nguvu kamili, inua pua, hakikisha unapanda, punguza flapu hatua kwa hatua. Mnara utaongea nao baadaye. Ndiyo maana unabeba mafuta ya kurudia na ya kufika Unguja Dar ikishindikana.

Hatari ya kutua si ya vitabuni tu: tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 walifariki. Basi fanya mazoezi na mwalimu siku ya anga safi, na uzoee kupaa tena kama unavyozoea kutua. Abiria akinung'unika kwa kuchelewa, mwache anung'unike.