SOMO LA AFYA: KULA NA KUNYWA KABLA YA KULALA



Somo letu safari hii linahusu usingizi. Mwenzetu wa Uganda anayetoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi, iwe katika kiwanda cha chai huko magharibi au cha sukari huko Busoga, hufika nyumbani jua limekwisha chomoza. Watoto wanacheza, bati linaanza kupata moto. Hulala muda wa saa tatu tu, na jioni anarudi kwenye mashine. Hapo ndipo vidole vinapokatika.

Tuanze na chai, maana sisi ndio tunaoichuma. Ndani ya chai na kahawa mna kitu kiitwacho kafeini. Mtu akiwa macho, ubongoni hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, inayoleta usingizi. Kafeini huiziba njia. Uchovu upo pale pale, ila hausikiki. Tena haitoki upesi: kwa watu wengi, baada ya saa tano au sita nusu yake ingali mwilini. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400, yaani kama vikombe vinne vya kahawa, zikitumiwa saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Basi ile chai nzito ya saa 10 usiku humsaidia mtu kazini, ni kweli, lakini ndiyo inayomkodolesha macho kitandani saa 2 asubuhi. Inywewe mwanzo wa zamu, isipite saa 7 usiku.

Wengine hukimbilia waragi au malwa. Pombe humlaza mtu haraka, hatukatai. Lakini mwili ukiisha kuivunja, usingizi nao huvunjika: kiu, jasho, kwenda haja kila mara. Tena masalio yake huweza kumfuata mtu hadi kazini.

Na maziwa ya moto, je? Yana triptofani, ambayo mwili huitumia kutengeneza kemikali za usingizi. Lakini kiasi kilichomo katika kikombe kimoja ni kidogo, na asiyeyapata asijione amekosa dawa. Faida kubwa ni kutuliza njaa bila kulijaza tumbo. Uji wa wimbi au ndizi mbivu mbili hufanya kazi hiyo hiyo. Sahani iliyofurika posho na maharage iliwe kabla ya kwenda zamu. Ukiila na kujilaza papo hapo, kiungulia kitakuamsha.

Lakini mfanyakazi atakula nini usiku, ikiwa kiwandani hakuna ila birika la chai? Pendekezo Na. 178 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1990, linashauri wafanyakazi wa usiku wapatiwe chakula na vinywaji vinavyofaa kwa saa hizo, au mahali pa kupashia moto walichobeba. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria, lakini linaweza kuwekwa mezani mkataba wa pamoja unapojadiliwa.

Maswali ya kikundi: Katika zamu yenu chai hugawiwa saa ngapi, na nani aliyeipanga saa hiyo? Maji safi ya kunywa yapo usiku kucha? Kama hakuna mahali pa kupashia chakula moto, tawi limekwisha kudai?