Kabla Hujawaleta Ukumbini, Wafuate Kwao

Mdogo wangu, umekabidhiwa kazi ya kutafuta maonyesho ya msimu ujao, na simu yako imeshajaa video za vikundi vinavyojinadi. Nakusihi, video isikuamulie. Itumie kujua nani yupo na anafanya nini, basi. Dakika tatu zilizokatwa na kuungwaungwa hazikuonyeshi kama kikundi kina pumzi ya saa nzima, wala kinafanyaje umeme ukikatika.

Anzia kwenye matamasha, maana huko utawaona wengi kwa nauli moja. Kama unatafuta muziki, funga safari ya Unguja mwezi Februari. Tamasha la Sauti za Busara lilianza 2004, na linashikilia kwamba muziki upigwe papo hapo jukwaani, hakuna kuimbia juu ya wimbo uliorekodiwa. Kwa mtafutaji kama wewe hilo ni chekecheo tayari. Ngoma, sarakasi na maigizo utavikuta Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, kwenye tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, lililoanza 1982. Ukitaka tamthilia, Kampala wana tamasha lao la kimataifa la maigizo tangu 2014. Yapo pia mashindano ya taifa ya maigizo ya shule na vyuo vya Kenya, yenye waandishi na waelekezaji hodari mno. Ila waigizaji wake ni wanafunzi: wakimaliza masomo, kikundi kimetawanyika. Pale mtafute mwalimu aliyeandika mchezo.

Tamasha halitoshi, lakini. Pale kila kikundi kimebanwa na muda na kinapigia mitambo ya wenyeji. Kikundi kilichokugusa kifuate kwao, na ukifika, mgeukie pia aliyekuja kukitazama. Chukua kidumbak ya Unguja. Fidla, sanduku la kamba moja, mkwasa, na vile vidumbak viwili vyenyewe: watu wachache, ukumbi wowote unawamudu. Ukiwaona kwenye simu utawapangia usiku wa kukaa na kusikiliza, kama taarab. Nenda harusini kwanza. Utawaona wanawake wamesimama wanacheza, na mpiga fidla anawafuata. Wao wakipamba moto, naye anakaza mwendo. Ukitoka hapo utakuwa na swali moja tu la kumpelekea meneja wako: viti vya mbele vinang'oka?

Au wanawake wa Kigogo na muheme, ile ngoma wanayoibana mapajani. Ngozi hupashwa moto ndipo ngoma ilie sawasawa. Je, nyuma ya ukumbi wenu pana mahali pa kuwasha moto, na mlinzi ameambiwa? Zeze na marimba za Kigogo nazo zina sauti ya upole. Fundi mitambo aliyezoea bendi atazizamisha zisisikike kabisa, kwa hiyo nenda naye akazisikie, au umrekodie. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye barua ya kujitambulisha. Yanaonekana kwa anayekwenda.

Kaa mpaka mwisho wa onyesho, tafadhali, hata kama umeshaamua. Wapo wanaoanza kwa kishindo wakaishiwa njiani, na wapo wanaokusanya watu taratibu mpaka hakuna anayetaka kuondoka. Hao wa pili ndio wanaopotea kwenye video, na mimi ningewapigania. Ukiweza, rudi siku nyingine bila kutangaza kwamba unakuja.

Baada ya hapo ndipo mkae mzungumze. Wako wangapi, pamoja na dereva na mama anayeshona mavazi? Wanahitaji jukwaa la upana gani? Wanasarakasi wanaopandiana mabegani watatu wanahitaji dari kiasi gani? Uliza kabla ya kutaja bei. Kisha taja bei ya haki. Usimwambie msanii aje bure kwa sababu atajulikana. Ameacha mnada, ameacha shamba, ana watoto wa kulisha. Nauli, malazi, chakula na malipo ya awali viandikwe kwenye mkataba wa Kiswahili ambao kila mwanakikundi ataweza kuusoma, si kiongozi pekee.

Vibali vya mabaraza ya sanaa usiviache mpaka dakika za mwisho: Bara ni BASATA, Zanzibar ni BASSFU. Tamthilia iliyochapishwa nayo ina wenyewe hata ikiwa ya zamani. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969, kila mtu ameisoma shuleni, na bado lazima uombe ruhusa ya kuiweka jukwaani. Kikundi kikikuletea mchezo, omba kuiona barua ya ruhusa yenyewe.

Halafu kuna wale uliowatembelea, wakakupikia, wakakuchezea mpaka jasho likawatoka, na mwishowe hukuwachukua. Wapigie simu wewe mwenyewe, wasije wakasikia kwenye redio kwamba msimu umetangazwa. Waambie sababu hasa. Kama ni dari yenu iliyo fupi, sema ni dari, ili kijana wa juu kabisa asikae akidhani mchezo wake ulipungua kitu.