Mwenye Hoteli na Mgeni Wake

Katika nchi ya Wahaya, mgeni aingiapo nyumbani hupewa kwanza buni za kutafuna. Buni hizo huchumwa zingali mbichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa juani mpaka zikauke. Mgeni akiisha kuzipokea, hujua kwamba amekaribishwa kwa moyo mweupe. Baadaye huletewa ndizi zilizopikwa chunguni na kufunikwa kwa majani ya mgomba, wala haulizwi fedha. Lakini mjini chakula huuzwa, na watu wengine hudhani ya kuwa mgeni akiisha kulipa, heshima yake imekwisha. Hadithi hii yaonyesha kwamba sivyo.

Bibi mmoja wa Muleba alikwenda Bukoba na mjukuu wake, ili macho ya mtoto yatazamwe hospitalini. Safari ni ya kilometa zaidi ya 60, nao walitoka alfajiri bila kula kitu. Walipomaliza shughuli yao, jua lilikuwa limekwisha pinduka. Bibi akahesabu fedha zake, akaona zatosha nauli ya kurudi na sahani moja ya chakula. Wakaingia katika hoteli ndogo karibu na kituo cha mabasi. Bibi akalipa, wakaketi kungoja ndizi na samaki.

Walingoja sana. Chakula kilipoletwa, ndizi zilikuwa zimepoa na kuwa ngumu, na samaki alikuwa akinuka. Mtoto akaisukuma sahani. Bibi akamwita mtumishi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, samaki huyu ameharibika."

Kijana akajibu, "Bibi, wengine wamekula samaki hao hao, wala hawakusema neno. Na fedha ikiingia sandukuni haitoki."

Watu waliokuwapo wakacheka. Bibi akanyamaza, akajifunga khanga yake, akamshika mjukuu mkono ili waondoke.

Mwenye hoteli alikuwa jikoni, akasikia kicheko. Akatoka, akasema, "Shikamoo, bibi. Kuna nini?" Bibi akaeleza, na yule hakumkatiza maneno. Akaiinua sahani, akainusa, akasema mbele ya watu wote, "Bibi, wasema kweli. Kosa ni letu. Utuwie radhi." Kisha akamrudishia fedha zake zote, akaamuru samaki wote waliobaki wafukiwe, ingawa ilikuwa hasara kwake.

Bibi akasema, "Asante, mwanangu. Lakini gari la mwisho la Muleba li karibu kuondoka, na mtoto huyu hajala tangu jana."

Hapo mwenye hoteli akatambua ya kuwa fedha peke yake hazitamshibisha mtoto saa ile. Jikoni kilikuwapo chungu kimoja cha moto, ndizi na maharagwe, chakula cha watumishi wenyewe. Akakipakua, akakifunga katika majani ya mgomba, akatia na buni chache katika kikaratasi. Akamtuma kijana yule yule akimbie kumwomba dereva angoje kidogo, kisha arudi kuchukua mzigo wa bibi.

Walipofika garini, kijana akainamisha kichwa, akasema, "Bibi, unisamehe kwa maneno yangu." Bibi akafungua kikaratasi, akatoa buni mbili. Moja akaitafuna, na ya pili akampa kijana.

Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, mwenye hoteli akawakusanya watumishi wake, akawauliza sababu ya kosa. Ikaonekana kwamba samaki walinunuliwa jana yake, wakalazwa bila barafu. Akawafundisha kumtazama samaki kabla ya kumnunua. Samaki aliye mbichi macho yake hung'aa na mashavu yake huwa mekundu. Aliyeoza hafai hata akipikwa sana, maana moto hauondoi kila sumu. Tena akawapa amri hii: mgeni akilalamika, asibishwe wala asichekwe, bali asikilizwe, na mwenye hoteli aitwe mara moja.

Basi, anayetaka kutengeneza kosa na afanye mambo manne. Kwanza, asikilize mpaka mwisho. Pili, akiri kosa bila kutafuta visingizio. Tatu, amrudishie mwenziwe kile alichopungukiwa hasa. Bibi alipungukiwa fedha, chakula na heshima, naye alirudishiwa vyote vitatu. Nne, atafute asili ya kosa ili lisirudi tena. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Maswali

1. Kwa nini kumrudishia bibi fedha hakukutosha?
2. Maneno gani ya kijana yalimwumiza bibi kuliko chakula kibaya?
3. Kwa nini mwenye hoteli alimtuma kijana yule yule, wala si mwingine?
4. Bibi alikuwa na maana gani alipompa kijana buni?