Baka Lisilouma

Mwanangu M.S. wa Lindi,

Pole. Unauza chakula, sufuria likakuunguza kidole mpaka likatoka lengelenge, nawe hukusikia kitu. Baka lililofifia mkononi ukalichoma kwa sindano: kimya. Unaogopa wateja watakukimbia, na unauliza kama usubiri ndoa ya binti yako ipite. Hofu yako ina sababu. Watu wana maneno.

Kinachotokea ndani

Barua haipimi ugonjwa, ila baka lenye ganzi huwa dalili ya ukoma. Si uchawi. Neva ya mkono ikitazamwa kwa hadubini, huonekana nyuzi nyingi nyembamba mno, nazo zimekumbatiwa na seli za Schwann. Nyuzi nene huviringishiwa tabaka za mafuta ziitwazo mayelini, ndipo habari zikaenda mbio; zile nyembamba kabisa, zinazobeba maumivu na joto, hazina tabaka hizo. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Hansen huko Norway mwaka 1873, hujificha ndani ya seli hizohizo za Schwann. Huzaliana polepole, lakini kinga ya mwili ikimfuata humo, neva huvimba na nyuzi hubanwa. Joto na maumivu hutangulia kupotea. Ndiyo maana sufuria halikukuuma.

Ukingoja ndoa

Uzi wa neva ulioharibika huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku, nao huhitaji njia ya seli za Schwann iliyo hai. Njia ikishakuwa kovu, hakuna kidonge kitakachoirudisha. Neva ya nyuma ya kiwiko ikifa, vidole viwili vya mwisho hujikunja. Utasonga ugali kwa mkono gani?

Fanya hivi

Nenda kituo cha afya wiki hii, usingoje. Dawa ni bure: miezi 6 kwa mabaka yasiyozidi matano, 12 yakizidi. Ukishaanza kumeza, muda si mrefu huambukizi tena. Mwambie mumeo leo hii, maana wote mnaoishi pamoja mnatakiwa kuchunguzwa, bibi harusi naye kabla hajahama. Ukoma haurithiwi, na watu wengi miili yao huushinda yenyewe.

Jikoni shika sufuria kwa kitambaa kinene, na kila jioni kagua vidole kwa macho, kwa kuwa ngozi haitakuambia. Neva ikianza kuuma au mkono ukilegea ghafla, hata katikati ya dawa, rudi siku hiyohiyo. Kuna vidonge vya kutuliza uvimbe, navyo husaidia zaidi vikianzwa mapema.